Kabla ya Sindano na Baada Yake: Ushauri kwa Wauguzi wa Kitui na Makueni

Wanafunzi wa KMTC Kitui, Mwingi, Makueni na Makindu huniuliza swali hili wanapoanza zamu za wodini. Huniuliza vilevile wauguzi waliopangiwa zahanati za ndani, upande wa Tseikuru, Ikutha au Kathonzweni, wakishatambua kwamba usiku ukiingia hakuna wa kumuuliza ila simu, na simu yenyewe mtandao ukipenda. Swali ni lile lile: nitazikumbukaje dawa zote hizi?

Hutazikumbuka zote. Anayejaribu kukimeza kitabu kizima cha famakolojia mara nyingi hukumbuka dawa inavyofanya kazi ndani ya seli, akasahau kuhesabu pumzi za mama aliyelala mbele yake. Ninachokuomba ni kidogo kuliko hicho, ila hakina msamaha. Kila dawa unayoitoa kwa mkono wako, ujue jambo la kuangalia kabla ya kuitoa na jambo la kuangalia baada ya kuitoa. Kama hujui mambo hayo mawili, dawa ingoje hadi usome au uulize.

## Anza na dawa zilizo kwenye kabati lako

Usianze na herufi A ya kitabu. Fungua kabati na friji ya kituo chako, orodhesha dawa unazozitumia hasa, kisha kila dawa uipe ukurasa mmoja wa daftari dogo linaloingia mfukoni. Andika:

- Jina kama lilivyoandikwa kwenye chupa, na nguvu yake: miligramu ngapi katika mililita ngapi.
- Njia inayoruhusiwa, na njia iliyo marufuku.
- Kabla: naangalia nini, na kiwango gani kinanizuia kuitoa.
- Baada: naangalia nini, kila baada ya muda gani, hadi lini.
- Mambo yakiharibika: dawa ipi ya kuokoa, na imewekwa wapi humu ndani.

Mstari wa mwisho ndio unaorukwa na wengi. Kujua kwamba kalsiamu glukoneti huondoa sumu ya magnesiamu hakukusaidii saa nane za usiku ikiwa imefungiwa stoo na ufunguo umekwenda Mwingi mjini.

Vipimo vya daftari lako vitoke kwenye miongozo ya Wizara ya Afya, kama kile kijitabu cha matibabu ya watoto. Usivinakili kutoka kwa daftari la mwenzako. Vipimo nitakavyovitaja hapa ni vya kukuonyesha namna ya kufikiri. Ukiwa kazini, mwongozo uwe wazi mbele yako.

## Mgonjwa ni yupi hasa?

Ukambani majina hushirikiwa sana. Wodi moja ya akina mama inaweza kuwa na Mwende wawili na Nduku watatu, na wawili kati ya hao wakawa na jina la pili linalofanana. Tena mzee anayekuheshimu, au asiyesikia vizuri, atakuitikia kwa jina lolote utakalomwita. Kwa hiyo:

- Usiulize "Wewe ni Nduku Mutua?" Uliza "Susu, majina yako yote matatu ni yapi?" na umwache ayataje mwenyewe.
- Linganisha na nambari ya faili, si jina peke yake.
- Usimtambue mgonjwa kwa kitanda. Wagonjwa huhama vitanda, hasa usiku wa joto wanapotafuta dirisha.
- Mtoto mchanga awe na utepe mkononi au mguuni wenye jina la mama na nambari. Pacha waandikwe wa kwanza na wa pili.
- Uliza kama kuna dawa iliyowahi kumdhuru, kisha uliza "ilikufanya nini?" Kuendesha kidogo baada ya amoksilini si sawa na kuvimba midomo na kukosa pumzi.

## Hesabu ndiyo inayoua watoto

Hapa nitakaa kidogo, maana hapa ndipo makosa mabaya zaidi hutokea, tena kwa watu wazuri wenye bidii.

Chukua gentamisini. Mtoto mchanga wa kilo 3, yumo katika wiki yake ya kwanza, ameandikiwa miligramu 5 kwa kila kilo, mara moja kwa siku. Hiyo ni miligramu 15. Hadi hapo hakuna anayekosea. Sasa tazama chupa. Ipo gentamisini ya miligramu 20 katika mililita 2, na ipo ya miligramu 80 katika mililita 2. Vichupa vinatoshana na maji yake ni meupe yale yale.

- Katika chupa ya 20, kila mililita ina miligramu 10. Miligramu 15 ni mililita 1.5.
- Katika chupa ya 80, kila mililita ina miligramu 40. Miligramu 15 ni mililita 0.37 hivi.

Muuguzi aliyezoea chupa ya kwanza akivuta mililita 1.5 kutoka chupa ya pili, mtoto amepata miligramu 60, yaani mara nne ya alichoandikiwa. Gentamisini ikizidi huharibu figo na masikio, na mtoto mchanga hawezi kukuambia kwamba masikio yanavuma. Mama atakuja kugundua baadaye, anapomwita mwanawe na mtoto hageuki.

Basi shika mwendo huu kila mara, hata dawa ikiwa ya jana na mtoto ni yule yule:

1. Mpime mtoto leo. Usikadirie kwa umri ilhali mizani ipo. Hakikisha mizani inasoma sifuri kabla ya kumweka, na shuka lisihesabiwe.
2. Piga hesabu ya miligramu kwanza, uiandike.
3. Soma chupa iliyo mkononi, si ile unayoikumbuka, kisha ugeuze miligramu kuwa mililita.
4. Jiulize kama jibu lina akili. Ukijikuta unahitaji chupa tatu kwa mtoto mmoja, au unavuta mililita 5 kumchoma mtoto mchanga msulini, simama.
5. Mwenzako apige hesabu yake bila kuona yako, ndipo mlinganishe. Ukimwonyesha jibu lako kwanza, atalikubali tu.
6. Dozi ndogo ivutwe kwa sirinji ya mililita 1. Sirinji ya mililita 5 haiwezi kukupa 0.37.

Katika kuandika, weka sifuri kabla ya nukta (0.5), wala usiweke sifuri baada ya namba kamili: 5.0 ikififia nukta husomeka 50. Andika neno "yuniti" kwa ukamilifu, kwa sababu herufi U iliyoandikwa kwa haraka hugeuka sifuri.

Dripu nayo ina hesabu yake. Zidisha mililita kwa idadi ya matone ya mpira huo, kisha gawanya kwa dakika. Lita moja kwa saa 8, kwa mpira wa matone 20 kwa mililita, ni 1000 mara 20 kugawanywa kwa 480: matone 42 kwa dakika. Mpira wa watoto hutoa matone 60 kwa mililita. Soma pakiti kabla ya kuitupa.

## Magnesiamu salfeti: usimwache mama peke yake

Mama mwenye kifafa cha mimba huokolewa na dawa hii, na dawa hii hii yaweza kumzimia pumzi. Wauguzi wengine huiogopa hadi wakamsafirisha mama bila dozi ya kwanza, akaanguka kifafa ndani ya ambulensi njiani. Woga huo ni hatari kuliko dawa. Mpe dozi ya kwanza, kisha umlinde.

Dozi ya mshipa ni gramu 4 za mchanganyiko wa asilimia 20. Dawa yako ikiwa ya asilimia 50, vuta mililita 8 za dawa na mililita 12 za maji ya sindano. Unapata mililita 20. Ingiza polepole, si chini ya dakika 5. Zinafuata gramu 5 za asilimia 50 katika kila tako.

Kabla ya kila dozi ya kuendeleza, inayotolewa kila saa 4, angalia mambo matatu:

- Pumzi zifike 16 au zaidi kwa dakika, zikihesabiwa kwa dakika nzima.
- Goti ligongwe na mguu uruke.
- Mkojo uwe angalau mililita 30 kwa saa katika saa 4 zilizopita.

Moja likikosekana, dozi ingoje, na umwite tabibu. Goti ndilo hunyamaza kwanza, kabla ya pumzi kushuka, kwa hiyo goti ni rafiki yako. Na usiseme huna kifaa cha kulipigia: ukingo wa kiganja chako unatosha.

Pumzi zikisimama, mpe hewa kwa mfuko na barakoa papo hapo, kisha gramu 1 ya kalsiamu glukoneti, yaani mililita 10 za asilimia 10, polepole kwa mshipa. Chupa hiyo ikae kando ya kitanda tangu mwanzo, pamoja na sirinji yake. Ulinzi huu uendelee hadi saa 24 baada ya kujifungua au baada ya kifafa cha mwisho, kutegemea lipi lilikuja nyuma. Ndugu wakikuambia amelala vizuri, nenda ukahesabu pumzi.

## Kabla ya insulini, uliza chakula

Mvua zikikosa, nyumba nyingi za Kitui na Makueni hula mara moja kwa siku. Mgonjwa wa kisukari hatakwambia, maana ni aibu kwake kusema hakuna kitu nyumbani. Lakini insulini uliyompimia kwa milo mitatu haijui kwamba hakuna chakula. Glibenklamaidi nayo ni vivyo hivyo.

Usiulize "Umekula?" Atasema ndiyo. Uliza "Mmekula nini jana jioni? Na leo asubuhi?" Ukipata jibu la kusitasita, pima sukari kabla ya kitu chochote, kisha zungumza na tabibu juu ya kupunguza dozi. Kumkaripia mgonjwa asiye na chakula ni kumfundisha kukudanganya mwezi ujao.

Makosa mengine ya insulini ninayoyaona mara nyingi:

- Kutumia sirinji ya kawaida. Mililita 1 ya insulini ina yuniti 100. Yuniti 10 ni mililita 0.1 tu. Tumia sirinji ya insulini, na kama hakuna, usibahatishe.
- Kutikisa kwa nguvu insulini ya maziwa badala ya kuiviringisha taratibu viganjani.
- Kuchoma mahali pale pale hadi pawe na uvimbe mgumu. Dawa hainyonywi vizuri pale.

Mgonjwa akianza kutetemeka, kutoka jasho, kubwabwaja au kukasirika bila sababu, hiyo ni sukari iliyoshuka hadi kipimo kiseme vinginevyo. Anayemeza apewe maji ya sukari. Asiyejitambua asitiliwe kitu kinywani. Apewe glukosi kwa mshipa. Na aliyeshushwa na glibenklamaidi asirudishwe nyumbani mara tu anapoamka: dawa hiyo hukaa mwilini, na sukari yaweza kushuka tena usiku huo.

## Joto la kwetu na dawa za friji

Oksitosini hupoteza nguvu kwenye joto, na maji yake hubaki meupe vilevile. Iweke kati ya nyuzi 2 na 8, isigande. Usiitembeze kwenye trei kutwa nzima ukingojea mama ajifungue. Toa ampuli moja wakati unapoihitaji. Yuniti 10 kwenye msuli ndani ya dakika moja baada ya mtoto kutoka, kisha papasa mji wa mimba na uangalie damu kila dakika 15 kwa saa mbili za kwanza. Damu isipopungua na ukataka kuongeza ergometrini, pima presha kwanza. Mama mwenye presha ya juu hapewi.

Wenye insulini huuliza: sina friji, nifanyeje? Ile isiyofunguliwa ibaki kwenye friji ya kituo. Inayotumika yaweza kukaa nyumbani. Utafiti wa Médecins Sans Frontières na Chuo Kikuu cha Geneva, uliotokana na hali ya kambi ya Dagahaley kule Dadaab, ulionyesha mwaka 2021 kwamba insulini huhifadhi nguvu yake kwa wiki nne katika joto linalopanda na kushuka kati ya nyuzi 25 na 37. Mwelekeze mgonjwa aifunge kwa mfuko usiopitisha maji, aiweke ndani ya chungu cha udongo chenye unyevu, kivulini, mbali na bati na jua. Aandike tarehe ya kufungua, na wiki ya nne ikiisha aiache.

## Aliyeumwa na nyoka

Mwingi, Mutomo na Kibwezi watu huumwa na moma, swila na mamba mweusi, wengi wao wakiwa shambani au wakitafuta kuni. Kwanza soma chupa: dawa ya nyoka wa Bara Hindi haimfai aliyeumwa na nyoka wa Afrika, hata kama imo kabatini na haijaisha muda.

- Vuta adrenalini kabla ya kuanza dawa ya nyoka. Mtu mzima mmenyuko ukimpata hupewa miligramu 0.5 kwenye msuli wa paja.
- Mtoto hupewa dawa ya nyoka kiasi sawa na mtu mzima, kwa sababu sumu aliyotiwa ni ile ile. Hapa kilo hazihesabiwi.
- Kaa kando ya kitanda nusu saa ya kwanza. Tazama vipele, mikwaruzo ya pumzi, kutapika, presha.
- Chukua mililita 2 za damu kwenye chupa safi kavu ya kioo, iache dakika 20 bila kuitikisa, kisha iinamishe. Ikimwagika haijaganda, na mgonjwa huyo asichomwe sindano za msuli, isipokuwa adrenalini ya kumwokoa.
- Kope zikilegea au akishindwa kumeza mate, pumzi ndiyo itakayofuata. Andaa mfuko na barakoa.

## Ini na figo: uliza kabla ya dawa ya kawaida

Mwaka 2004 mahindi yenye sumu ya aflatoksini yaliwaletea ugonjwa watu 317 nchini na kuua 125, wengi wao wa Makueni na Kitui. Sumu ile hupiga ini. Hatari hiyo haijaondoka kwenye maghala yetu, ndiyo maana sipendi kuona parasetamoli ikitolewa kama peremende. Mtu mzima asipite gramu 4 kwa siku, na mwenye macho ya manjano amwone tabibu kabla ya hata hizo. Anayetumia dawa za kifua kikuu akaguliwe macho kila anapokuja, aulizwe rangi ya mkojo na kama chakula kinapita.

Figo nazo huumizwa kimya kimya. Mzee wa presha anayemeza enalaprili, ameshinda juani bila maji ya kutosha, kisha akanunua diklofenaki dukani kwa maumivu ya mgongo: hayo matatu yakikutana, mkojo hupungua. Muulize ananunua nini nje, na anachemsha mizizi gani nyumbani. Uliza kwa heshima, atakuambia.

## Mengine ya kuandika kwa wino mwekundu

- Potasiamu kloraidi haisukumwi kamwe kwa sirinji kwenye mshipa. Ichanganywe kwenye dripu, na ampuli zake zikae mbali na maji ya sindano yanayofanana nazo.
- Benzathini penisilini ni ya msuli pekee. Mgonjwa akae mbele yako dakika 30.
- Seftriaksoni iliyochanganywa na lignokaini haiingii kwenye mshipa. Kwa mtoto mchanga, seftriaksoni haiendi pamoja na dripu yenye kalsiamu.
- Artesuneti huyeyushwa kwa bikaboneti iliyokuja nayo, si kwa maji ya sindano, na hutumika ndani ya saa moja. Mwambie mgonjwa arudi akiona weupe wa macho au uchovu katika wiki nne zinazofuata.
- Digoksini: sikiliza moyo kwa dakika nzima. Chini ya 60 kwa mtu mzima, usitoe, mwite tabibu.

## "Lakini sisi tuko wachache"

Najua. Muuguzi mmoja, wagonjwa thelathini, na simu inalia. Huwezi kumchunga kila mtu kwa usawa, basi usijaribu. Chagua wale ambao dawa yao yaweza kuwaua ndani ya saa moja, uwalaze karibu na meza yako. Kwa wengine, wafundishe ndugu zao dalili moja tu ya kukukimbilia.

"Daktari ameandika hivyo, mimi ni nani?" Wewe ndiye mwenye leseni ya Baraza la Wauguzi na ndiye mwenye sindano. Huhitaji kubishana. Sema: "Daktari, mtoto ana kilo 3. Karatasi inasema gentamisini miligramu 150, mimi napata 15. Naomba uthibitishe." Agizo likija kwa simu, liandike, umsomee, umngoje aseme ndiyo.

"Mgonjwa anataka sindano, vidonge havitaki." Mweleze kwamba ugonjwa wake unapona kwa vidonge, na kwamba sindano isiyohitajika huacha jipu au kuumiza mshipa wa fahamu. Ukimchoma ili aondoke, atarudi na jirani yake.

## Kosa likitokea

1. Mwangalie mgonjwa kwanza: pumzi, mapigo, presha, kujitambua. Simamisha dawa.
2. Mwite tabibu na umwambie dawa gani, kiasi gani, saa ngapi. Usipunguze namba.
3. Andika kilichotolewa hasa, si kilichopaswa kutolewa. Usifute wala kubandika karatasi.
4. Mwambie mgonjwa au wazazi, mkiwa pamoja na mkuu wa zamu.
5. Weka kando chupa na sirinji, usizitupe.

Dawa iliyomdhuru mgonjwa ingawa ulitoa sawasawa huripotiwa kwa Bodi ya Famasia na Sumu kwa fomu ya manjano. Dawa unayoshuku ubora wake, kama oksitosini ambayo akina mama watatu mfululizo wameendelea kutoka damu baada ya kuipata, huripotiwa kwa fomu ya waridi. Andika nambari ya toleo iliyo kwenye kasha na joto la friji la siku hizo, uyatenge makasha yaliyobaki, na upige simu kwa mfamasia wa kaunti siku hiyo hiyo ili vituo vingine vilivyopokea toleo hilo viarifiwe kabla ya zamu ya usiku.